Mshono wa Saba

Sauti ilikuja tena kabla jua halijachomoza, saa ile ambayo mtu hajui kama ameamka au anaota kwamba ameamka. Tak, tak, tak, tak, tak, tak, kisha kriii. Mishono sita, na wa saba unalia. Mzee hakufumbua macho. Alilala chali, mikono kifuani, akahesabu mizunguko mitatu kamili, ndipo akatoa hukumu yake kimoyomoyo: mkanda huo umeungwa kwa waya, na ncha ya waya inakwaruza gurudumu kila inapopita.

Mtaani walimwita Fundi Sikio, na hakulipata jina hilo bure. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani, za kukanyaga kwa miguu na za umeme, ingawa za umeme alizidharau kidogo. Alidai kwamba zinanung'unika tu na hazisemi zinaumwa wapi. Mteja akileta mashine, fundi hakuigusa. Alivuta kigoda, akaweka kidevu kiganjani, akafumba macho na kumwambia mteja akanyage. Mteja alikanyaga weee, mpaka fundi mwenyewe aseme, "Basi." Hapo aliutaja ugonjwa, na bisibisi ilipofungua mashine, ugonjwa ulikuwa pale pale aliposema. Kuna washonaji walioacha kumsalimia baada ya kumwekea mtego, wakalegeza skrubu makusudi, naye akawaambia skrubu ni ipi na imelegezwa mizunguko mingapi.

Basi alipoisikia mashine ile alfajiri ya kwanza, hakuona ajabu. Alikuwa amehamia chumba cha nyuma wiki hiyo hiyo, kwa sababu paa la chumba cha mbele lilianza kuvuja. Chumba hicho cha nyuma ndicho alichokuwa akishonea marehemu mkewe. Tangu afariki, miaka miwili sasa, kilikuwa kimefungwa, na hata baada ya kufunguliwa kilibaki na harufu ya kitambaa kipya na chaki. Dirisha lake lilitazama ua wa miti michongoma, na nyuma ya ua kulikuwa na kichochoro na migongo ya nyumba za watu. Fundi alijiambia kwamba kuna mshonaji mpya amehamia huko nyuma, mtu wa kudamka, na mkanda wake unahitaji msaada.

Alichokiona ajabu ni kwamba aliujua waya ule. Aliuunga yeye.

Aibu ya fundi huyu ilikuwa moja tu, lakini alikaa nayo miaka. Zamani, mteja mmoja alikuja mbio mbio na mashine iliyokatika mkanda, ana nguo za watu za kumaliza siku hiyo, na dukani mikanda ilikuwa imekwisha. Fundi akaenda chumba cha nyuma, akavua mkanda wa ngozi wa cherehani ya mkewe, akampa mteja. Kwenye mashine ya mkewe akafunga mkanda mkuukuu, ameuunga kwa kipande cha waya alichokipinda kwa koleo, akamwambia mkewe, "Vumilia leo. Kesho nakuletea mpya." Waswahili hawakukosea waliposema mganga hajigangi. Kesho ile ilichukua miaka kumi na mmoja. Mama wa watu hakugomba. Kila mshono wa saba ulipolia, alisema tu, bila kuinua kichwa kwenye kitambaa, "Kesho." Binti yao, aliyekuwa akichezea vitambaa sakafuni, naye akaitikia, "Kesho." Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Wageni walidhani ni wimbo.

Mkewe alipofariki, fundi hakuweza kuiangalia ile mashine. Alimwambia binti yake aitoe nyumbani ampe yeyote, na asimwambie ni nani. Binti alikuja na gari, akaichukua, akatii.

Sasa mashine imerudi, na iko nyuma ya ua. Fundi aliamini hivyo, na moyo ulimwenda mbio kama wa kijana. Alikata mkanda mpya wa ngozi, akautia mfukoni pamoja na koleo na kibanio, akaanza kupita kwa washonaji wote wa upande ule. Aliingia, akasalimu, akaomba jambo moja: wakanyage kidogo asikie. Wa kwanza walikanyaga kwa heshima. Wengine walikanyaga huku wakitazamana. Mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno mengi tangu utoto wake, alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema kwa upole wa kuchoma, "Sikio halipiti kichwa, Fundi. Lakini lako naona limeshakihama kabisa."

Watu walicheka, na kicheko kikamtangulia fundi kila alikokwenda. Sifa ya fundi ni kitu chepesi sana. Huchukua maisha kuipandisha, na utani mmoja kuishusha. Wiki ile ziliingia mashine mbili. Wiki iliyofuata ikaingia moja. Wiki ya tatu alikuja mtu mmoja tu, naye alikuwa anauliza njia.

Binti alipata habari. Alikuwa mfamasia upande wa pili wa mji, mwanamke wa mpangilio, mwenye kalamu mbili mfukoni na jibu kwa kila swali la tumbo. Jumapili alipokuja alimkuta baba yake amekaa dirishani, kiganja kimeshika kidevu, macho ameyafumba, anasikiliza ua. Fundi hakuzunguka. Alimuuliza ile cherehani ya mama yake alimpa nani.

"Nilimpa mtu, baba," binti akasema. "Mbali. Huwezi kuisikia ukiwa hapa."

Katika sauti yake kulikuwa na kitu kilichokwaruza, na siku nyingine fundi angekigundua. Lakini siku hiyo masikio yake yalikuwa nje. Alimweleza mishono sita na kilio, alimweleza waya, na alivyozidi kueleza ndivyo binti alivyozidi kumkazia macho. Mwisho binti alisema, taratibu, kama anavyowaambia wagonjwa majibu yasiyopendeza, kwamba mwisho wa mwezi atakuja kumchukua wakaishi pamoja. Karakana itafungwa. Amefanya kazi ya kutosha, sasa apumzike. Fundi alijua maana ya kupumzika: kuketi kitini kwenye nyumba ya mtu, huku ukingoja uitwe kula. Alitaka kubisha, lakini abishe na nini? Kitu pekee alichokuwa nacho ni sikio, na sikio ndilo lililoshtakiwa. Alimwambia binti yake sawa, na usiku huo alikiogopa kichwa chake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Siku nne kabla ya mwisho wa mwezi, sauti ilikuja alfajiri, karibu kuliko siku zote. Fundi alipiga moyo konde, akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Umande ulikuwa umeshika kila kitu. Kichochoro kilikuwa kimejaa ukungu mwembamba, na ndani ya ukungu mashine ilikuwa inashona, tak, tak, tak, mbele yake kidogo, kisha kushoto kidogo, kisha juu. Hilo la juu lilimsumbua. Alitembea kwa ncha za vidole, mkono mmoja sikioni, mwingine mfukoni umeshika mkanda, na ilimjia wazi kwamba akiufikia ukingo wa ua atamkuta mkewe ameketi kwenye umande, anashona. Wala hakuona kwamba ni wazo la kichaa. Aliona tu kwamba atamkuta amelowa miguu.

Alichokikuta ni mtu amechuchumaa kichakani.

Wote wawili roho ziliwaruka. Kila mmoja alimdhani mwenzake mwizi, na kwa muda walisimama wakishikana makoti, wazee wawili, hakuna aliyejua ampige mwenzake au amwombe radhi. Ndipo fundi akamtambua. Alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi aliyeishi nyumba ya kona, ambaye watoto walimwita Mwalimu Darubini, maana hakuwahi kuonekana bila darubini shingoni; walisema hata msikitini na kanisani angeingia nayo kama angekubaliwa. Alikuwa anaandika ndege. Kila ndege aliyemwona au kumsikia kutoka dirishani mwake alimwandika daftarini, kwa tarehe na kwa saa.

Mwalimu aliweka kidole mdomoni. Fundi akamnong'oneza kwamba anatafuta cherehani. Mwalimu akamtazama sana, akanong'ona kwamba yeye anatafuta ndege. Kisha sauti ikaja, tak, tak, tak, tak, tak, tak, kriii, na wote wawili, kwa pamoja, wakanyoosha kidole mahali pamoja.

"Hiyo," akasema fundi.

"Hiyo," akasema mwalimu.

Mwalimu akamvisha darubini. Fundi aliona kwanza majani makubwa kama sahani, kisha tawi, kisha ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa lililoiva, kichwa cheusi, na mstari mweupe juu ya jicho kana kwamba kapakwa chaki. Ndege akainua kichwa, koo likamtetemeka, na ndani ya koo lile mkanda ulioungwa kwa waya ukapita juu ya gurudumu.

Fundi alirudisha darubini. Akaketi papo hapo kwenye nyasi zilizolowa. Wazo lililomjia halikuwa la furaha. Alifikiri: basi binti yangu hakukosea. Miaka arobaini naitwa Sikio, na nimeshindwa kutofautisha mashine na ndege. Aliona haya mbele ya koleo lililokuwa mfukoni mwake.

Mwalimu hakuyajua hayo. Alikuwa amefungua daftari lake, akamwonyesha ukurasa. Ndege mwenyewe anamjua, alieleza kwa mnong'ono wa haraka. Ni wa jamii ya waigaji, huiba sauti za ndege wenzake, huiba filimbi ya mlinzi, huiba hata mwito wa mtu anayemwita mbwa wake. Sauti zote za huyu wa michongoma ameshazitambua mwenyewe zilikoibwa. Zote isipokuwa moja. Ukurasani palikuwa na mistari mingi iliyofutwa. Mwalimu alikuwa ameandika "mlango?", akafuta. "Baiskeli?", akafuta. "Kisima?", akafuta. Chini kabisa aliandika "haijulikani", na mbele yake tarehe za miaka minne.

"Nimekaribia kuamini ni ndege mpya ambaye hajaandikwa na mtu," akasema. "Sauti hii haimo katika kitabu chochote. Fundi, wewe umesema nini pale mwanzo? Unatafuta nini?"

Ndege alirudia, na safari hii fundi alifumba macho, akaweka kidevu kiganjani, akamsikiliza alivyosikiliza mashine maisha yake yote. Alisikia mguu ukikanyaga bila haraka. Alisikia pindo refu la kitambaa kizito, pazia labda. Alisikia mahali ambapo mshonaji hupunguza mwendo kidogo ili ageuze kona. Hakuwa amekosea hata kidogo. Alikuwa ameisikia sawasawa. Kosa lake lilikuwa kuitafuta kwenye nyumba za watu.

"Hiyo ni cherehani ya mke wangu," akasema. "Na huo waya ni mimi niliyeufunga."

Mwalimu alimtazama, akatazama dirisha la chumba cha nyuma, hatua saba tu kutoka kwenye ua. Akalamba ncha ya kalamu ya risasi. Alifuta "haijulikani", akaandika pole pole, kwa mwandiko wa ubaoni: "Cherehani ya jirani, marehemu. Imetambuliwa na mume wake." Kisha akaweka tarehe na saa. Akasema kwamba kuna jambo jingine. Ndege hawa hawaishi miaka mingi. Ndege wa kwanza aliyeandikwa kwa sauti ile alikuwa na bawa lililopinda, naye ameshatoweka. Huyu wa sasa ni mwingine, na pengine hakuwahi kuisikia cherehani yenyewe. Pengine amefundishwa na baba yake.

Fundi alilia, wala hakuona haya. Mwalimu, ambaye hakuzoea vitu vya namna hiyo, alimpa darubini aishike.

Sasa ungedhani mambo yamekwisha. Lakini jaribu kumweleza mfamasia kwamba mashine ya mama yake imo kooni mwa ndege. Fundi alimpigia simu asubuhi ile ile, na binti akasema atakuja mapema zaidi, kesho kutwa, na kwamba baba asitoke nje peke yake. Na kama vile ndege naye kasikia, alinyamaza. Alfajiri iliyofuata hakulia. Iliyofuata pia. Mwalimu alisema huwa hivyo mvua zikielekea mwisho; wanaweza kukaa kimya hadi msimu mwingine.

Binti alifika alasiri na masanduku mawili. Alikunja mashati ya baba yake vizuri, akafunga vyombo kwa magazeti, akafagia hata karakana, na kila alipopita karibu na baba yake alimgusa bega. Fundi hakubishana. Aliomba kitu kimoja, kikombe cha chai, wakinywe wawili katika chumba cha mama. Binti hakukataa. Waliketi, yeye kitandani, baba kwenye kigoda, dirisha wazi. Chai ikaisha. Fundi akaomba kikombe cha pili. Nje mwanga ulikuwa umeanza kulegea, ukaingia chumbani kwa rangi ya asali, ukalala sakafuni pale pale binti alipokuwa akichezea vitambaa vyake utotoni. Binti aliutazama. Macho yalimlegea, maana alikuwa amechoka kuliko alivyotaka ijulikane. Fundi alitazama ua, na katika maisha yake hajawahi kumwomba kiumbe kitu kwa nguvu namna ile.

Tak, tak, tak, tak, tak, tak, kriii.

"Kesho," akasema binti.

Alisema bila kuinua kichwa, kama mtu anayeitikia "karibu" mlango ukibishwa. Kisha akasikia alichosema. Akaweka kikombe chini. Aligeuka dirishani, akageuka kwa baba yake, na uso wake wote wa mfamasia ukamvunjika, akabaki mtoto.

Sauti ikaja tena, na tena. Walikaa hivyo mpaka giza likaanza kuingia. Ndipo binti, akiwa ameshikilia mkono wa baba yake, akaungama. Cherehani hakumpa mtu. Alishindwa. Iko kwake, stoo, chini ya shuka, na imefungiwa miaka yote miwili. Ndiyo maana baba alipodai kuisikia, yeye alijua kwa hakika kwamba haiwezekani, akaogopa. Aliogopa kumpoteza naye pia, kidogo kidogo, kuanzia kichwani. Fundi alimwambia kwamba hata yeye aliogopa hilo hilo. Masanduku yalifunguliwa usiku ule, mashati yakarudi kabatini, na ile habari ya mwisho wa mwezi haikutajwa tena na yeyote kati yao.

Jumapili iliyofuata binti aliileta mashine. Waliiweka mahali pake chini ya dirisha, mahali ambapo miguu yake ilikuwa imeacha alama nne sakafuni. Fundi alichomoa waya, akauangalia kiganjani, kitu kidogo chenye kutu, kisha binti akaupokea. Fundi akautoa mfukoni ule mkanda mpya.

"Baba," binti akasema, "ukiitengeneza si italia tena."

"Niliahidi," akasema.

Alifunga mkanda, akabana kibanio, akatia tone moja la mafuta. Kisha akamwekea binti kiti. Binti akatia kitambaa chini ya sindano, akakanyaga. Mashine ikaenda laini. Mshono wa sita ukapita, wa saba ukapita, hapakulia kitu, na ukimya ule ulikuwa mzito kiasi kwamba binti nusura aondoe mguu. Nje, kwenye michongoma, ndege akapokea: tak, tak, tak, tak, tak, tak, kriii.

Binti akainamia kitambaa. "Kesho," akanong'ona.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa chake cha kazi, akatazama dirishani.

"Leo," akasema.

Kisha akavuta kigoda, akaweka kidevu kiganjani, akafumba macho. Binti aliendelea kukanyaga, akingoja aambiwe basi, na hakuambiwa.